Chomoa Vitu Vyako

Nyumba ya Mzee Mawimbi ilikuwa na mdomo, tena mdomo mkali. Ukiacha friji wazi, inakusema. Ukitoka bafuni huku maji yanatiririka, inakusema mpaka urudi kufunga. Na sauti iliyosema ilikuwa ya mke wa mzee, mwanamke aliyezikwa mwaka juzi mbele ya macho ya watu wote.

Wageni walioisikia kwa mara ya kwanza walitafuta pa kutokea. Lakini humo ndani hamkuwa na jini wala uchawi. Mlikuwa na binti na waya zake.

Binti huyo aliitwa Kibiriti, jina la utani alilopewa na baba yake tangu utotoni kwa ule wembamba wake na hasira zake za kuwaka papo hapo. Jina halikumtoka hata alipokuwa mtu mzima mwenye gari la kazi na ngazi juu yake. Kazi yake ilikuwa kufunga vifaa vinavyojiendesha katika nyumba za watu: taa zinazowaka mtu akipita, majiko yanayojizima, mageti yanayofunguliwa kwa simu na mwenye nyumba akiwa bado kitandani, mvivu wa watu. Baba yake alikuwa fundi redio wa zamani, ndiyo sababu ya hilo jina la Mawimbi, na duka lake la kutengenezea redio sasa lilikuwa saluni. Mzee hakulijua hilo. Au tuseme alilijua, akasahau, akaambiwa tena, akasahau tena. Kichwa kilikuwa kinamwacha kidogo kidogo, na kila asubuhi alitaka kwenda kufungua duka.

Hapo ndipo ile sauti ilipokuwa na kazi. Mzee hakumsikiliza daktari, hakumsikiliza mwanawe wa kiume, na Kibiriti kwake alikuwa bado mtoto wa kutumwa bisibisi. Mtu mmoja tu duniani aliyeweza kumwambia kaa, naye akakaa, alikuwa mke wake. Na ni huyo mke, alipokuwa mgonjwa na kujua kwamba haponi, ndiye aliyetoa wazo.

"Unaweka sauti za mashine kwenye nyumba za watu," alimwambia Kibiriti akiwa kitandani. "Nikiondoka, niweke mimi. Huyu mzee bila kelele zangu atakwenda kulala barabarani."

Basi wakarekodi, mchana baada ya mchana, simu ikiwa juu ya mto, mama akivuta pumzi kati ya sentensi na sentensi na kucheka pasipotakiwa kucheka. "Mzee wangu, rudi ndani, hujavaa viatu." "Dawa hizo hazijimezi zenyewe." "Nani huyo kwenye friji saa hizi?" "Kaa, chai inakuja." Zilikuwa sentensi nyingi, na kila moja Kibiriti aliifunga na sensa yake, kijidude kinachohisi kitu kikiguswa: ya geti, ya kabati la dawa, ya friji. Ile mzee aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mvua. Katika nyumba ya fundi redio, radi ni adui wa familia. Anga likinguruma tu, kila kitu kinachomolewa ukutani, hata pasi iliyopoa. Miaka yote mama alikuwa akipiga kelele kutoka jikoni, na mzee akisikia anaruka. Kibiriti alipanda paani akafunga kipimo cha hewa, na mama akairekodi sentensi hiyo kwa raha zake zote: "Mvua hiyo inakuja, chomoa vitu vyako!"

Siku moja mzee alipokuwa na akili zake, alisimama koridoni akikitazama kisanduku cheupe kilichofungwa ukutani, chenye taa ndogo ya kijani.

"Sauti ya mama yako inatoka humu?"

"Inapita humu, baba. Mambo ya haraka, kama kuzima jiko au kuwasha taa, yanaamuliwa hapa hapa na kisanduku. Mafundi tunakiita ukungu, kwa sababu ukungu uko chini, karibu na watu. Lakini sauti zenyewe ni kubwa, zinakaa mbali, kwenye mashine za kampuni. Huko tunakuita wingu. Mlango ukifunguka, kisanduku kinaiomba sentensi yake kule juu, inashuka, inasema."

Mzee alifikiri. "Kituo na redio," alisema.

"Kama hivyo, baba."

"Na kituo kikifungwa?"

"Hakifungwi," Kibiriti alisema, akacheka.

Alikuwa na sababu ya kucheka. Kwa mwaka mzima nyumba ile ilimlea mzee kuliko mtu yeyote ambaye wangeweza kumweka. Kaka yake Kibiriti, mwalimu wa hesabu, mtu wa kupima kila kitu kabla ya kukigusa, hakuipenda hata kidogo. "Unamdanganya mzee," alisema. "Anadhani mama yuko chumba cha pili." Kibiriti alimjibu kwamba mzee anakula, anakunywa dawa, na analala kwake. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekwenda kuangalia nyumba ya wazee nje ya mji, akasema ni safi na wahudumu wake ni wapole. Wakapatana: mzee atabaki nyumbani maadamu nyumba inamweza. Siku ikimshinda, siku atakapotoka geti na kuishia barabarani, mwalimu anamchukua, na Kibiriti hafungui mdomo.

Na kumfungia mlango haikuwezekana. Waliwahi kumfungia asubuhi moja, akavunja kioo cha dirisha kwa mkono mtupu. Jiko unaweza kulizima kwa mashine. Mtu hazimwi.

Kisha taarifa ikaja. Kampuni iliyotunza sauti imenunuliwa na kampuni nyingine, na huyo mnunuzi hakuwa na haja na huduma ya sauti. Kila mteja atapewa zamu ya kushusha vitu vyake. Baada ya hapo mashine zitafutwa. Zamu ya Kibiriti ilikuwa siku ya mwisho kabisa, na mwisho wa siku hiyo ni saa kumi na mbili jioni.

Alikasirika kwanza, kama kawaida yake, akampigia simu kila aliyeweza kumpigia. Kisha akatulia, kwani kazi hii alikuwa anaijua. Aliongeza nafasi katika kisanduku. Aliamua kwamba kuanzia siku hiyo sauti za mama zitakaa humo ukutani, chini, karibu, na wingu litabaki na mambo yake. Rekodi za awali hazikuwepo tena. Ile simu ya juu ya mto ilikufa zamani, naye wakati huo aliona si kitu, si zote ziko juu? Wazo lingine lilimjia pia: achukue simu, afungue geti, afungue friji, afungue kabati, anase kila sentensi inavyotoka kwenye spika. Alilicheka. Hivyo ndivyo wanavyofanya watu wanaorekodi muziki wa harusi ya jirani. Yeye ni fundi. Zitashuka zote, safi, kwa pamoja. Kiburi hicho atakijutia mpaka kaburini, na haki yake.

Asubuhi ya siku yenyewe alifuta kila kitu kisandukuni kupata nafasi. Aliacha nafasi ya sentensi moja tu ya kushuka na kusemwa, ambamo hubaki ile iliyotumika mwisho, ili nyumba isiwe bubu wakati kazi inaendelea. Zamu yake ilipofika alibonyeza, na sauti za mama zikaanza kushuka, polepole mno, kwa sababu wateja wote waliobaki walikuwa wanavuta kwenye bomba moja. Zilikuwa zimefungwa pamoja kama mzigo. Mzigo ukikatika njiani hauna maana, lazima uanze upya. Alitengeneza chai. Mzee alikaa mezani na redio yake ya mbao, akiifungua na kuifunga, akiwa na amani.

"Leo huendi kazini?" mzee aliuliza.

"Leo nakaa na wewe, baba."

Ahadi hiyo haikufika adhuhuri. Daktari wa meno, mteja wake, alipiga simu akikaribia kulia. Geti lake, la kampuni ile ile, lilikuwa limegoma. Yeye yuko ndani na gari lake, na kliniki ina watu wameshika mashavu wanamsubiri. Kibiriti alikitazama kisanduku. Taa ilikuwa ya kijani, mzigo umevuka nusu. Kisanduku hakikuhitaji mtu wa kukikodolea macho. Kufanya kazi peke yake ndiyo sifa yake kubwa, yeye mwenyewe huwaimbia wateja hivyo kila siku. Baba alikuwa amesinzia kitini. Akachukua mkoba wa vifaa akatoka kimya kimya.

Geti la daktari lilikuwa jambo dogo. Alikuwa amepiga magoti, mkono ndani ya boksi la mota, daktari akimsimulia habari za jino la mtu fulani asiyemjua, alipoona kivuli kinapita juu ya ukuta. Aliinua kichwa. Upande wa kwao anga lilikuwa jeusi tii, na radi ikapiga.

Hapo akakumbuka kipimo cha hewa kule paani.

Alitoa simu. Mzigo ulikuwa umebakiza kipande kidogo, kidogo sana, cha kumwonea mtu huruma. Alimpigia baba yake. Simu iliita, iliita, ikakata. Alipiga tena. Alimwacha daktari na geti lililofunguka nusu, akaendesha kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukiwa na simu, na kwenye mataa ya kwanza aliona maandishi yamebadilika: kifaa hakipatikani.

Alimkuta baba yake sebuleni, kwenye giza la mvua, amekaa wima kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Hapakuwa na plagi hata moja ukutani. Kila waya ulikuwa umekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi, namna alivyomfundisha Kibiriti mwenyewe dukani alipokuwa mtoto. Na kwenye mapaja yake, ndani ya taulo kavu, alikuwa amekilaza kisanduku.

"Nimekiwahi," mzee alisema. Uso wake wote ulikuwa unacheka. "Radi ingekichoma."

"Baba."

"Mama yako ndiye aliyeniamsha. Mimi nilikuwa nimelala fofofo. Nikamsikia, mvua hiyo inakuja, chomoa vitu vyako. Nikaanza na hiki, kwa sababu si yumo humu?"

Kibiriti aliitafuta ile hasira yake maarufu asiione. Angemkasirikia nani? Sensa alifunga yeye. Sentensi alichagua yeye. Kilichofanyika ndicho alichokipanga kifanyike, hatua kwa hatua, wala hakuna kilichokosea. Alikichukua kisanduku kutoka kwenye taulo, akakirudisha ukutani na kukiwasha huku radi ikipiga, na baba yake nyuma yake akimgombeza kwa kuchezea umeme kwenye mvua.

Maandishi yakaja: zamu yako imepita. Aliomba zamu nyingine, akawekwa nyuma ya wote. Alipiga simu kwa kampuni, mashine ikamwambia simu yake ni ya muhimu, ikampigia kinanda. Alikaa sakafuni koridoni, mgongo ukutani, simu sikioni, akisikiliza kinanda hicho mchana wote. Mzee alimletea kikombe cha chai baridi akakiweka karibu naye. Saa kumi na mbili kinanda kilikatika katikati, na taa ya kisanduku ikageuka nyekundu. Kituo kilikuwa kimefungwa.

Alilia kama mtu aliyefiwa, kwani ndivyo ilivyokuwa. Safari ya kwanza alikuwa na shughuli nyingi za mazishi, hakulia vizuri.

Alipofungua kisanduku kuona kilichookoka, alikuta kimoja. Ile nafasi ya sentensi ya mwisho ilikuwa bado na kitu chake. Hakuhitaji kukisikiliza kujua ni kipi, lakini alikisikiliza, sauti ikiwa chini, sikio kwenye spika. "Mvua hiyo inakuja, chomoa vitu vyako!" Mwishoni mama alicheka kidogo. Kicheko hicho Kibiriti alikuwa amekisahau.

Zilizobaki alizirekodi mwenyewe, maneno yale yale, akijaribu kukokota silabi kama mama yake alivyokokota. Alijisikia mpumbavu, lakini watu husema sauti zao zilifanana, na kwenye simu hata shangazi aliwahi kuchanganya. Akazifunga na sensa zake, akampa baba yake chakula, akakaa kusubiri asubuhi kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Asubuhi mzee aliamka, akavaa koti lake la duka, akasahau viatu. Kibiriti alimfuata kwa mbali, hakutaka kuingilia. Mlango ulifunguka. "Mzee wangu," sauti yake mwenyewe ilisema kutoka kwenye spika, "rudi ndani, hujavaa viatu."

Mzee alisimama. Aligeuka, akaitazama spika juu ya mlango kwa adabu kubwa, namna mtu anavyomtazama mgeni asiyemfahamu.

"Asante, dada," alisema. "Mwenye nyumba yupo jikoni, piga hodi tu. Mimi nawahi dukani, watu wananisubiri."

Akatoka. Sensa ya geti ikamwambia arudi, akaipungia mkono. Kibiriti alikimbia kumshika, mzee akamsukuma kwa nguvu ambazo hazikuwa za umri wake, akamwita mwizi, akavuka barabara katikati ya magari akiwa peku. Dereva mmoja alifunga breki, akatoa kichwa nje na matusi. Upande wa pili gari lilikuwa limesimama, na aliyeshuka akamkamata mzee mabegani alikuwa mwalimu wa hesabu, aliyekuwa amekuja kuuliza jana kulikwendaje.

Hakuuliza. Alimrudisha baba yake ndani, akamwosha miguu, akaanza kukunja nguo zake kwenye begi. Kibiriti alisimama mlangoni mwa chumba.

"Nipe wiki moja," alisema. "Nitatafuta mtu wa kuiga sauti. Nitatafuta rekodi za harusi, za sherehe, kuna watu lazima wana—"

"Kibiriti," kaka yake alisema, "angekuwa amekufa sasa hivi. Tungekuwa tunapiga simu kwa watu." Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi si adui yako."

Naye hakuwa adui, hilo ndilo lililomuuma. Kibiriti alikuwa ameahidi kutofungua mdomo.

Lakini mzee hakwenda. Alishika kiti chake kwa mikono miwili, akasema hawezi kutoka nyumbani bila mkewe kujua. Mwalimu alimbembeleza, akamwambia wanakwenda kutembea tu, watarudi. Mzee akasema aitwe kwanza, aseme mwenyewe. Alianza kuita jina la mkewe, kwanza kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti ya mtu aliyepotea sokoni. Mwalimu alijaribu kumwinua, mzee akalia. Wote wawili walikuwa hawajawahi kumwona baba yao analia.

"Basi," Kibiriti alisema. "Mwache. Nitamwita."

Alikwenda koridoni. Nje jua lilikuwa kali, hapakuwa na wingu hata la dawa. Aliweka kidole kwenye simu, akangoja kidogo, kisha akabonyeza.

"Mvua hiyo inakuja, chomoa vitu vyako!"

Mzee alinyamaza mara moja. Alijifuta uso kwa kiganja, akainuka kitini bila kushikwa, akaanza kazi. Alichomoa redio ya mbao. Alichomoa televisheni, friji, taa ya kusomea. Kila waya aliukunja, akatoa uzi mfukoni, akafunga. Watoto wake wawili walimfuata chumba hadi chumba. Mwisho alifika koridoni, akaweka mkono juu ya kisanduku, akakichomoa, na ile taa nyekundu ikazimika.

"Haya," alisema, akijipangusa mikono kama mtu aliyemaliza zamu. "Kila kitu kimechomolewa. Twendeni kabla haijanyesha."

Alimshika mwalimu mkono wakatoka. Geti halikusema kitu, wala mlango haukusema kitu. Mzee alipanda gari, akafunga mkanda mwenyewe, kisha akatazama nyuma kupitia dirisha.

"Na mama yenu?"

Mwalimu alishika usukani.

"Anafunga mlango, baba," Kibiriti alisema.

"Mwambie asichelewe."

"Nitamwambia."

Gari liliondoka. Kibiriti alirudi, akapita katikati ya nyumba iliyokunjwa waya zake zote, akafunga madirisha, kisha akatoka na kufunga mlango.